Kicheko, Dereva wa Gari la Mikate

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo hakuwa mtu wa kimya hata kidogo! Alikuwa kiziwi, lakini kicheko chake kilitoka jikoni kikafika barabarani, na ndicho kilichompa jina ambalo sote tulimwita.

Kicheko alizaliwa tarehe 12 Agosti 1961, binti kitinda mimba wa seremala na mkunga. Akiwa na miaka mitatu, homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai, ikamnyang'anya usikivu. Watu wakamwita bubu. Bubu gani yule? Alicheka, alipiga kelele, na kaka yake aligombana naye akashindwa!

Alianza shule ya viziwi mwaka 1970, kwa kuchelewa, maana jamaa walishikilia kuwa kumsomesha ni kupoteza muda. Likizo ya kwanza alirudi na lugha ya alama, akaifundisha nyumba nzima. Mezani ikawa amri: anayetaka chumvi aiombe kwa mikono.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, kupanga mikate kwenye kreti, lakini macho yake yalikuwa kwenye usukani. Siku ya mtihani wa udereva, ofisa alimgeukia kaka yake.

"Huyu atasikiaje honi?"

Kicheko akajibu kwa mikono, kaka akatafsiri: "Anauliza, wale wanaofunga vioo na kufungulia muziki, wao wanaisikiaje?"

Ofisa alicheka mpaka akashika tumbo. "Haya, mwambie awashe gari twende."

Akafaulu siku hiyohiyo! Tangu hapo mpaka anastaafu, maduka yalipokea mikate ikiwa bado ya moto.

Tarehe 14 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwokaji wa kiwanda hichohicho. Mama mkwe alikuwa na hofu moja tu: "Mtoto akilia, nani atamsikia?" Binti wa kwanza alipozaliwa, bibi alihamia na begi lake ili awe masikio ya nyumba. Alasiri moja akapitiwa na usingizi kitini, anakoroma. Kicheko alikuwa anamenya viazi, mguu ameuegemeza kwenye kitanda cha mtoto. Kitanda kikatikisika. Akamwinua mtoto, akambadilisha nepi, akamnyonyesha. Bibi kuzinduka, mjukuu keshashiba!

"Jamani," akasema, "kumbe kiziwi wa nyumba hii ni mimi!"

Alifunga begi, lakini hakuondoka mpaka alipojifunza kusema "mwanangu" kwa mikono.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Hospitalini wapo waliompigia kelele kana kwamba angesikia, na waliomuuliza binti yake, "Anaumwa wapi?" Binti alijibu, "Muulize mwenyewe, daktari. Mimi natafsiri tu." Kicheko alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024, mkono wake ukiwa kiganjani mwa mumewe, wakiwa katikati ya maongezi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, kaka yake, na mama mkwe wake. Kwa walioogopa kwamba angezaa viziwi: watoto wote wanasikia vizuri, isipokuwa wakiitwa kuosha vyombo.

Viziwi hushangilia kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani. Kabla jeneza halijashuka, tunaomba tusimame, tumshangilie hivyo kwa nguvu zetu zote.

Pumzika kwa amani, Kicheko. Tazama mikono hii yote!