Blezi za Filemon

Taruma bovu la reli juu ya matofali, na birika la Mzee Yunusu linafuka katikati: hicho ndicho kijiwe chetu, barazani kwa duka la Mhindi, karibu na stesheni ya Moshi. Mimi ni fundi viatu. Nakaa pembeni na chuma changu na nyundo, na simpendi mtu anayebishana huku kanikanyagia uzi. Vita ya Hitler imekwisha, Mwingereza bado yupo, sukari bado ya mgawo. Asubuhi hiyo Filemon wa Masama, mwongoza wageni mlimani, alikuwa peku kwa sababu viatu vyake nilikuwa navitia soli. Alikuwa amemsindikiza Mzungu wake kwenye treni, yule mchuma mimea tunayemwita Bwana Majani. Mdogo wake mwenyewe, Eliona, Filemon alimwacha juu ya msitu akunje hema, ashuke peke yake, kisha amfuate mjini kwa lori la ndizi. Kila lori likilia kwenye kona, Filemon anainua shingo.

— Utampoteza mdogo wako, nikamwambia. Msitu ule mimi siingii hata kwa kuburutwa.

— Apotee vipi, fundi? Tumeweka blezi njia nzima.

— Mmeweka nini?

— Blezi. Unachukua panga, unachonga ganda la mti mpaka nyama nyeupe itokeze. Mti huu, tena ule, mpaka msitu unakwisha. Bwana Majani ndiye aliyetufundisha. Sisi huku tunafuata mifereji ya maji, hatujui kuchanja miti. Kwao alama hiyo inaitwa blezi.

Salehe akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Huyu tunamwita Injini, maana ujana wake wote kautumia kutupa kuni kwenye tanuri la treni.

— Blezi ni moto, wewe! Kuni zikishika, tanuri likaanza kunguruma, dereva wangu Mwingereza alikuwa anapiga goti lake: "Blezi, Salehe! Blezi!" Sasa mti na moto wapi na wapi?

— Nyote waongo, akasema Mashaka.

Mashaka jina lake la kijiweni ni Saisi. Alichunga farasi wa masetla, na mpaka leo akikaa anatanua miguu.

— Blezi ni farasi. Farasi mwenye weupe kuanzia kwenye paji mpaka puani. Huo weupe ndio blezi. Nimeuosha kwa mikono yangu hii! Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Linaingiaje hapo? akauliza Injini.

— Ndiyo maana farasi kapewa miguu minne. Akivunja mmoja anabaki nayo mitatu.

— Haya, tumekwisha, nikasema, nikapigilia msumari.

Injini hakukubali. Alisema neno moja haliwezi kuwa moto, mti na farasi, labda Mwingereza alikuwa anawapima akili. Saisi akasema haiwezekani, Mwingereza hana hata muda wa kumpima mkewe.

— Ni mgawo, akasema Injini ghafla, macho yamemtoka. Nimeelewa! Vita imewamalizia maneno. Kama sukari. Neno moja linagawiwa watu watatu.

— Mimi nimelisikia kabla ya vita, akasema Saisi.

— Basi walikuwa wanaweka akiba. Akiba haiozi!

— Hilo nalo umeliokota wapi sijui, nikasema.

Mzee Yunusu alikuwa anatusikiliza. Anamimina, anagonga vikombe, anamimina. Wingu la asubuhi likapasuka, na mlima ukatokea wote juu ya paa la stesheni, mweupe, karibu kama uko nyuma ya soko. Mimi nimezaliwa chini yake na bado ukitokea hivyo mkono unasita na nyundo.

— Filemon, akasema mzee. Wewe umefika kule juu kabisa. Kuna nini?

Filemon akashusha kikombe.

— Kuna shimo, mzee wangu. Theluji pande zote, baridi inakata masikio. Unashuka shimoni, kuna shimo jingine, na ndani yake majivu. Nilipiga magoti nikatia kiganja. Yana joto.

— Acha!

— Joto, Salehe. Kama jiko ambalo mama kalifukia usiku ili asubuhi asiende kuomba moto kwa jirani. Na harufu ya kiberiti. Nilivua kofia. Sikujua namvulia nani, nilivua tu.



— Subhanallah, akasema Mzee Yunusu polepole. Basi tazameni. Weupe kwenye paji, kama farasi wa Mashaka, ule pale. Moto wa Salehe, umo ndani. Na alama ya njia? Mimi nilitoka Pangani kwa miguu, kijana, sijui huku wala kule. Watu waliniambia: ukiuona mweupe, nenda nao. Nikaenda nao mpaka hapa. Hilo neno lenu la Kiingereza mimi silijui. Lakini vitu vyote vitatu Mola kaviweka mahali pamoja, na mimi navitazama kila siku nikiuza kahawa.

Tulikaa tunautazama mlima ule wa moto uliojifunika baridi, watu wazima wanne na mzee mmoja, vinywa wazi.

— Ndiyo! Injini akaruka. Kumbe neno limetoka hapa! Mwingereza wa kwanza aliuona mlima huu, ulimi ukamfunga, akatamka blezi. Akarudi nalo kwao, akaliweka kwenye moto, kwenye farasi, kwenye miti. Neno ni la Wachaga!

— Na alirudi kututawala kwa sababu gani? akauliza Saisi.

— Kutafuta mengine!

Tulicheka sana. Filemon alicheka kuliko wote, akasema Eliona akifika atamsimulia, maana Eliona hupenda mambo hayo. Na hapo ndipo lori la ndizi lilipopiga honi kwenye kona, likasimama mbele yetu. Filemon akainuka na tabasamu lake.

Alishuka mwanamke peke yake, matope mpaka magotini, kanga imeshikwa na miiba. Ni Hilaria, mke wa Eliona.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakukaa. Alimtazama Filemon.

— Shemeji, Eliona hajafika nyumbani.

— Atafika, shemeji. Labda kalala juu. Njia ina alama, hawezi...

— Alama nimeziona. Nimeingia msituni alfajiri kumtafuta. Mti huu mweupe, ule mweupe, hata ukungu ulipoingia niliziona. Nikafika kijitoni, nikamwita, kimya. Nikasema nirudi niite watu. Nikageuka. Shemeji, nilipogeuka sikuona hata moja. Miti yote ganda tupu, ndevu za kuvu zinaning'inia. Nimeshuka kwa kufuata maji, na ni neema ya Mungu tu.

Filemon alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limesahaulika usoni.

— Mmekata upande wa anayepanda tu, akasema Hilaria. Sasa yule anayeshuka, anaona nini?

Niliinua macho mlimani, na mlima haukuwepo. Wingu lilikuwa limeshuka, limemeza theluji, limemeza msitu, limekaa mpaka kwenye migomba.

— Nilikuwa mbele, akasema Filemon. Nakata huku napanda. Siku tuliposhuka na Bwana Majani jua lilikuwa kali, sikuzitazama. Sikugeuka nyuma hata mara moja.

— Nipeni mapanga, akasema Hilaria. Na watu wenye sauti.

Mzee Yunusu aliacha birika likichemka, akaingia dukani akatoka na taa za chemli na mapanga, Mhindi anamfuata nyuma. Injini na Saisi walikuwa wameshapanda lori. Filemon aliparamia nyuma ya lori, peku, akashika ubao wa mbele kwa mikono miwili.

— Filemon! Viatu! nikapiga kelele.

Nilikimbia na viatu vyake mkononi, kimoja soli inapepea, nikamwita mpaka kwenye kona. Hakugeuka.