Dada Yetu wa Springi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba hii, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na huyu ndiye aliyenilea.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya nyuma ya soko, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1989 akahitimu chuo cha ufundi, fani ya magari, baba akatamba mtaa mzima utadhani cheti ni chake.

Mwaka 1990 aliajiriwa kwenye karakana ya magari ya spoti, yale ambayo mtu huenda nayo kazini wiki nzima na Jumamosi akaingia nayo uwanja wa mbio, kazi yake ikiwa springi na shokapu. Zikikazwa sana, gari hushika kona vizuri ila barabarani linamvunja mtu kiuno, zikilegezwa, linayumba kama kitanda kibovu, na dada alikataa katakata kuchagua moja. Gari lake lilitakiwa asubuhi lipate muda mzuri uwanjani, na mchana limpeleke mama kliniki kwenye kiti cha nyuma, springi zilezile bila kuguswa, na mama akishuka ameshika mgongo, kazi ilianza upya. Bosi alinung'unika, mama naye alinung'unika, kwa kuwa mara nyingine hakuwa na miadi yoyote kliniki.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, dereva wa majaribio wa karakana hiyohiyo, mpenda springi ngumu, wakabishana tangu uchumba hadi mvi, wakajaliwa binti na mvulana.

Septemba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya mifupa, akalazwa, na hali ilipokuwa mbaya alitaka kitu kimoja tu, kurudi nyumbani kwake. Gari la wagonjwa lililombeba halikufika hata geti la hospitali, maumivu yalimzidi, wakamrudisha wodini, tukajua atafia pale. Shemeji alikwenda kulichukua gari la dada mwenyewe, lenye springi alizozipanga kwa mkono wake, akamlaza kiti cha mbele, na mtu huyu asiyejua mwendo wa polepole akavuka mji mzima tuta kwa tuta, dada akafika amelala usingizi. Tulikaa naye wiki moja na ushee, akicheka na wanawe, akatutoka tarehe 22 Januari, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunamshukuru daktari aliyekubali safari ile, wauguzi, wenzake wa karakana, na nyinyi majirani mliofukia mashimo ya njia yetu kabla hajafika, ingawa angewagombeza, maana mashimo yale alikuwa akiyatumia kujaribia springi.

Shemeji, uliomba umpeleke mwenyewe leo kwa gari lake, tumepima, jeneza haliingii, katika yote aliyoyapanga kwenye gari lile, hilo hakulipanga. Basi wewe tangulia nalo mbele ya msafara, sisi tutamleta nyuma yako.

Dada yangu, pumzika kwa amani, tunakupenda mno.