Kuku wa Kupeleka Mombasa

Basi letu lilipotoka kituo cha Adams Arcade kuelekea mjini, mama aliyepakata kuku alimweleza mzee aliyekaa naye kwamba anakwenda kupanda treni ya Mombasa, amfuate bwana yake, kuli wa bandarini.

“Sasa hiyo kuku ya nini, mama? Mombasa ni pilau kila kona! Enda Mwembe Tayari, kula ushibe, kisha teremshia na madafu.” Tumbo la mzee lilikuwa ushahidi wa kutosha.

“Na hiyo pilau inapikwa na nani, mzee?”

“Mama wa huko. Wale wanajua kupika, na wanakaribisha mtu vizuri!”

Tulipofika mjini, mama akasema: “Kumbe ndiyo maana bwana yangu akipewa likizo harudi nyumbani.”

Basi likasimama stesheni. Akamkaza kuku kwapani. “Kesho atakula hii, na hao mama watazame.”

Mzee alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni kuku.