Kwa Nini Mpitie Malaba?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena na wale walioketi nyuma karibu na mlango, maana nawaona.

Mnanijua. Mimi ni Mama Nafula, nauza vitenge sokoni hapa Busia na nakaa mtaa wa Burumba. Kitenge kikiletwa kutoka upande wa Uganda, nalowanisha pembe kwanza nione kama rangi inatoka, hata kama anayeniletea ni shemeji yangu. Wengine wenu mmewahi kuniambia nimezidi, kwamba mtu aliyeokoka hafai kushuku watu namna hiyo. Sawa. Nisikilizeni.

Dada Prisca alipokuja mjini, alianza kuabudu nasi. Alifunga, aliomba mpaka machozi yakamtoka, nami nikampenda. Binti yangu Nafula alikuwa amemaliza shule, anakaa tu nyumbani bila kazi. Dada Prisca akasema Bwana amemwonyesha mlango: kazi ya kutunza watoto ng'ambo, kupitia Kampala, kwa familia ya wacha Mungu. Akachukua kitambulisho cha Nafula ili ashughulikie safari. Kisha akanishika mkono akaniambia, "Mama, hii baraka usiitangaze. Adui akisikia ataifunga." Nikanyamaza. Hata mchungaji hakujua.

Safari ilipokaribia, akasema watapanda gari mpaka Malaba, wavukie mpaka wa huko kuingia Uganda.

Ndugu zangu, niliinama palepale kibandani, nyuma ya vitenge, nikaomba Mungu anionyeshe. Nilitaka ndoto. Nilitaka sauti, kama zile mnazosikia wengine. Sikupata. Kilichonijia ni swali moja tu, na lilikataa kuondoka: kwa nini Malaba? Kutoka mlangoni kwangu mpaka Uganda ni mwendo wa kutembea na patipati miguuni. Nani anaacha mpaka ulio mbele yake akatafute mwingine kule mbali? Ni mtu asiyetaka kuonekana na watu wanaomjua msichana anayetembea naye. Nikaogopa sana. Roho Mtakatifu hutumia hata swali la kawaida, nawaambia!

Jumatano ushirika ulikuwa nyumbani kwangu. Nikasimama nikatoa ombi mbele ya wote, kwamba binti yangu anasafiri na Dada Prisca na tuwaombee. Nilimwona akinikazia macho. Nikaendelea tu. Nikasema, kama tulivyozoea, vitambulisho na karatasi za safari viwekwe mezani tuviwekee mikono. Angekataaje, na watu wote wanamwangalia? Akafungua mkoba, akatoa rundo la vitambulisho vilivyofungwa kwa mpira, akaanza kutafuta cha Nafula. Niliziona picha za wasichana wengine, mmoja baada ya mwingine. Alipokiweka chetu mezani, nikaweka mkono wangu juu yake na sikuuondoa.

Ndipo nikamuuliza, "Dada, kwa nini mpitie Malaba?"

"Mama, we omba tu," akajibu. "Mambo ya njia niachie mimi."

Akasema simu yake inaita. Mimi sikusikia simu yoyote. Akatoka nje eti kuipokea, akapanda boda, na mpaka leo hapatikani. Tulienda polisi tukaeleza yote. Nafula alininunia kwa muda mrefu, akidai nimemfukuzia bahati yake. Leo ameketi pale na kwaya. Asante Yesu, ameketi pale!

Lakini mimi nilishika kitambulisho kimoja tu. Vingine vilienda na ule mkoba. Nawaombea wale wasichana kila ninapofungua kibanda, na majina yao siyajui.

Kwa hiyo nawasihi, mtegemeeni Bwana hata katika mambo madogo, hata katika njia ya kupita. Mwulizeni, naye atawafungua macho. Mama yeyote aliyeambiwa anyamaze kuhusu safari ya binti yake, aje hapa mbele sasa hivi, tuombe kwa sauti. Jambo lisiloweza kuombewa mbele ya watu, mimi siliamini tena.

Na kuna mtu aliyemwelekeza Dada Prisca nyumbani kwangu. Prisca alikuwa mgeni mjini, lakini alifika akijua nina binti, na akijua binti hana kazi. Ndugu yangu, kama uko hapa, njoo pia. Mungu atakusamehe leo leo. Mimi bado sijaweza; mniombee.