Fungate ya Siku Tatu

Pale Soweto, Moshi, nyuma ya duka la ushirika lililokuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, palikuwa na benchi la gogo la mgrevilea. Mwezi wa nane mwaka 1979, vita vikiwa vimekwisha na sukari nayo ikiwa imekwisha, wanaume watatu walikaa hapo kila jioni wakinywa kahawa chungu ya Mama Dominika. Mzee Gabriel, tarishi mstaafu, aliitwa Kamusi, kwa sababu hakuwahi kuulizwa neno akakosa maana yake, hata kama maana hiyo ameitunga papo hapo. Yoramu, fundi cherehani, aliitwa Mita Moja, kwa vile kila alichokipima kwa macho alikiona ni mita moja. Urbanus, mkata miwa wa mashamba ya chini, aliitwa Nahodha. Kwao ni Mwanza, na aliwahi kupanda meli ziwani mara moja, akaumwa siku tatu. Jioni moja akaja mtu wa nne, Filemon, kijana wa ghala la kahawa, ambaye hakuwa ameonekana kijiweni kwa wiki mbili. Alikuwa amemwoa Aikande wa Masama na kutangaza mtaa mzima kwamba hataki fungate ya kujifungia ndani; atampeleka mkewe Unguja, siku saba kamili, wakaone kisiwa. Walirudi siku ya tatu. Filemon alishuka kwenye basi akaenda chumbani kwake. Aikande alishuka kwenye basi hilo hilo akaenda kwao.

— Karibu, Bwana Fungate, alisema Kamusi akisogea.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Kaa. Benchi limekukosa.

— Hivi wiki ina siku ngapi siku hizi? Mita Moja aliuliza. Au nazo zimepunguzwa?

— Kila kitu kimepunguzwa, alijibu Nahodha. Sukari, sabuni, na sasa fungate.

Wakacheka. Filemon naye akacheka kidogo, macho yake ndani ya kikombe. Alikuwa amekuja kwa sababu chumba kilimshinda. Shela la harusi lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango, na kila alipofunga mlango lilimgusa bega. Njiani alijiambia kwamba wakimuuliza, atasema kweli.

— Haya, tueleze. Huko kulikuwa na nini?

— Kulikuwa na bahari, alisema Filemon.

— Bahari tunaijua. Bahari haimrudishi mtu siku ya tatu.

Filemon aliikumbuka siku ya kwanza. Aikande alivua viatu, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema, kisha akacheka mpaka akakaa mchangani. "Filemon, nani kamwaga chumvi yote hii hapa, na sisi dukani hatuipati?" Alitaka kuwasimulia hilo. Lakini Kamusi alikuwa ameshaanza.

— Mimi nimejua. Binti aliukosa mlima. Mtu aliyezaliwa Masama akiamka asione mlima, kichwa kinamzunguka. Ni ugonjwa kabisa, una hata jina.

— Jina gani?

— Refu. Wewe usingeweza kulibeba.

Lilikuwa jambo dogo, na lilimfaa Filemon. Akaitikia kwa kichwa polepole, na wao wakaona amekubali.

— Si mlima, ni jiko, alisema Mita Moja. Alipewa pweza apike. Akamwona na miguu yake minane, akapiga yowe, mtaa mzima ukatoka nje. Mwanamke aliyezoea kumenya ndizi tu, utampelekaje kwa pweza?

— Pweza mwenyewe mkubwa?

— Mita moja.

— Nyie watoto, alisema Nahodha. Mimi nimesafiri majini. Filemon, niambie kitu kimoja tu. Melini mlitapika?

— Kidogo, alisema Filemon.

Alikuwa ametapika yeye, kutoka Dar es Salaam mpaka walipoona minara ya Unguja. Aikande ndiye aliyemshika kichwa na kumpangusa kwa khanga yake mpya. Hilo hakulisema.

— Mmesikia? Bibi harusi anatapika wiki ya kwanza ya ndoa. Hesabuni wenyewe.

— Unataka kusema...

— Sisemi, nahesabu. Alipanda meli na mzigo wa mtu mwingine. Bwana akagundua, akamrudisha kwa baba yake. Mimi nampa Filemon mkono. Mwanamume safi!

Akampa mkono kweli, na Filemon akaupokea.

— Ndiyo maana walishuka kwenye basi kama watu wasiojuana! alisema Mita Moja akipiga paja.

— Inawezekana mwenye mzigo ni jini, alisema Kamusi, asiyetaka kuachwa nyuma. Majini wa baharini wanawapenda sana wasichana wa nchi za baridi. Siku ya pili keshachumbiwa, mahari lulu tupu.

— Mimi nilisikia alikuwa na daftari, anachora bandari, alisema Mita Moja. Walimshika wakidhani mpelelezi wa adui.

— Na mimba?

— Ya mpelelezi.

— Na jini?

— Ndiye mpelelezi mwenyewe! alisema Kamusi, na benchi zima likatikisika kwa kicheko.

Mama Dominika alicheka mpaka akamwaga kahawa pembeni ya kikombe. Kisha akajifuta macho kwa upande wa kitenge.

— Kumbe ndiyo yale. Jana nilikuwa sokoni Sanya Juu, mama mmoja wa ndizi akaniuliza kama ni kweli yule bibi harusi wa Masama aliolewa akiwa mjamzito.

Filemon aliinua kichwa.

— Sanya Juu?

— Sanya Juu. Na yeye kaambiwa na watu wa Masama.

— Hiyo niliitoa mimi hapa mtaani Jumatatu, alisema Nahodha taratibu. Utani tu. Sikujua ina miguu.

Filemon aliweka kikombe chini. Masikio yalimwaka. Aliwaza Aikande akipita njia ya kisimani, na wanawake wakitazama tumbo lake.

— Si kweli, alisema. Hakuna hata kimoja cha kweli.

— Mbona ulikuwa unaitikia kwa kichwa?

— Ngojeni niseme. Ilikuwa Ramadhani. Mama yangu alitufungia kiburu kwenye kikapu, kwa majani ya mgomba. Alisema tusikimbilie chakula cha ugenini, ndizi na maharage ya nyumbani vitatutosha siku mbili. Siku ya pili tukatembea mjini tangu asubuhi. Saa saba mchana nikasema nina njaa.

— Wewe?

— Mimi. Aikande akaniambia, Filemon, mbona mji mzima hakuna anayekula? Nikamwambia watu wa mjini wanakula ndani. Nikakaa kwenye baraza ya nyumba ya watu, nikafungua kikapu, nikaanza kula. Nikamkatia na yeye kipande, akakishika tu.

— Mchana wa Ramadhani! Kamusi alishika kichwa. Barazani kwa watu! Unguja!

— Kule mlimani kwetu Ramadhani nimeijua kwa jina, mzee. Sikujua mpaka nilipoona watoto wamejaa wananitazama mdomo. Akaja mgambo. Akauliza, nani anakula hapa? Nami kiburu bado kiko mdomoni.

Mita Moja alitaka kutia neno, Mama Dominika akamzuia kwa mkono.

— Nikasema, ni huyu mwanamke. Mimi nilimkataza.

Hakuna aliyecheka.

— Na yeye akasema nini? Mama Dominika aliuliza.

— Alinitazama. Kipande kiko mkononi, hajakionja. Wakampeleka kwenye ofisi yao, akakaa sakafuni mpaka jua likazama. Mimi nilikaa nje na kikapu. Bibi mwenye baraza, yule yule niliyemkosea, ndiye aliyekwenda kumwombea. Alisema wageni hawa hawajui, mngewaambia tu. Kisha akatuletea uji na tende. Aikande akanywa uji, akamshukuru bibi. Mimi aliniambia neno moja: Turudi.

— Ungesema tangu mwanzo, alisema Nahodha. Sisi tusingefika huko kote.

— Ningesema. Mmemsema mbele yangu jioni nzima, na mimi nimekaa kimya nakunywa kahawa. Umenipa mkono, nimeupokea. Ni lile lile nililomfanyia barazani.

Nahodha alitazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali.

Wakati huo alitokea mzee mmoja kwenye kona, koti zito, viatu vyenye udongo mwekundu wa mlimani. Alikuwa Mzee Eliamini, baba mdogo wa Filemon. Mkononi alishika kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gazeti.

— Shikamoo, walisema wote pamoja, kwa sauti ndogo kuliko ya kawaida yao.

— Marahaba, wanangu. Naona nimewakuta wote, afadhali.

Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na jani la isale, refu, la kijani, limefungwa fundo. Nahodha peke yake ndiye ambaye hakulijua, na Kamusi akamnong'oneza kwamba hilo hupandwa mpakani mwa kila kihamba, yaani shamba la ukoo, na ukimkosea mtu ukampelekea, ni vigumu akatae kusamehe.

— Nimetoka Masama, alisema mzee. Wazee wenzangu wamekubali kutupokea Jumamosi.

— Aikande je? Filemon aliuliza. Yeye anasemaje?

— Nilimkuta anapalilia maharage. Hataki mbuzi, hataki pombe ya mbege. Amesema habari zake zimemfikia zikitoka huku mjini, kwa hiyo isale nalo litoke huku. Libebwe na mtu wa mtaa huu, asiye ndugu yetu, ambaye hajamsema vibaya. Mmoja tu anatosha. Asipopatikana, nisirudi.

Mzee aliwatazama, uso wake ukiwa na matumaini.

— Nikawaza, mbona hilo ni jepesi? Filemon ana marafiki zake wa benchi. Haya, nani kati yenu nitafuatana naye?

Kamusi alikohoa, akatafuta neno, akalikosa. Mita Moja alitoa utepe wake mfukoni, akauviringisha, akauviringua, akauviringisha tena. Nahodha aliinama kama anayetafuta kitu chini ya benchi.

— Labda wewe, mama? mzee alimgeukia Mama Dominika.

— Mimi nilicheka, mzee.

— Ulicheka nini?

— Nitalibeba mwenyewe, alisema Filemon akisimama.

— Wewe ndiye unayeombewa. Utajibebaje? Kaa chini, mwanangu. Nimeuliza hawa.

Filemon akakaa. Mama Dominika, ili afanye jambo lolote, aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Ikatoka kahawa nusu kidole, kisha machicha.

— Imekwisha, alisema.

Siku nyingine zote neno hilo ndilo lililowanyanyua kwenda makwao. Leo hakuna aliyeondoka, kwa sababu wa kwanza kusimama ndiye angeulizwa peke yake. Mzee Eliamini aliwatazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayeinua macho, akajisogezea nafasi mwisho wa benchi, karibu na Filemon. Akaliweka isale magotini.

— Basi nitasubiri, alisema. Jani hili halinyauki upesi.