Uzi wa Mwalimu Nyuzi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mwalimu Nyuzi anarudisha ufunguo wa chumba chake baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha hapa chuoni. Mimi, mpika chai wa ofisi ya walimu, nimeambiwa nimwandikie maneno ya kumuaga kwenye sherehe yake. Shule yangu ilikuwa fupi, mnivumilie.

Jina hilo alilipata masomo yalipohamia mtandaoni. Wanafunzi walisoma kwa vikundi, kila mmoja nyumbani kwao na simu yake. Kompyuta ilimwonyesha nani kamjibu nani, naye akawachora ubaoni: mwanafunzi ni kidoti, waliojibizana anawaunganisha kwa uzi wa kushonea alioazima kwangu, na mpaka leo hajarudisha. Anayejibiwa na wengi, kidoti chake kinanenepeshwa. Wanafunzi walipoligundua hilo, weee! Ikawa “sawa” na “asante” mchana kutwa, vidoti vikavimba, somo halisongi. Mwalimu alicheka hadi chai ikamwagikia shati. Toka hapo akawa anasoma kwanza walichoambiana, ndipo avute uzi.

Ramani zake sasa zinatumika chuo kizima. Lakini yeye husema kidoti kinene hakimtishi. Kinachomkosesha usingizi ni kile kilichobaki peke yake.

Kimoja kilikuwa cha binti yangu, aliyekuwa mwanafunzi wake. Tulikuwa tumetoka kumzika baba yake. Nikimwona kainamia simu nadhani anasoma, kumbe anaikodolea macho tu. Mwalimu hakumkemea. Aliwaomba wenzake wamuulize jambo analolijua vizuri, kisha wamngoje. Wakangoja. Siku alipojibu, Mwalimu aliniita niuone ule uzi mmoja, nikalia na birika mkononi. Leo binti yangu naye ni mwalimu.

Mwaka jana Mwalimu Nyuzi kamzika mkewe. Wanawe wako mbali. Anarudi kwenye nyumba yenye redio tu, naye ni mtu wa kusahau kula hata akiwa kazini kati ya watu. Hilo ndilo linaloninyima raha kwenye sherehe hii.

Basi Mwalimu, binti yangu amekuingiza kwenye kundi letu la familia. Ukinyamaza tutakuuliza tena. Ukizidi kunyamaza, nakuja mwenyewe na birika langu. Ahsante kwa mwanangu. Pumzika, ule vizuri, na kila asubuhi utujibu neno. Kwako wewe, baba, hata “sawa” tupu tutaivutia uzi.