Alisema, Alidai

Kijiwe chetu cha Igogo kilikuwa ubavuni mwa kibanda cha fundi baiskeli, na benchi lake lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili. Miaka ile vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na magazeti yalizaliwa kila mwezi kama vifaranga, mengine yakifa kabla ya kuota manyoya. Mhoja muuza kahawa alikuwa akimimina, na wenye benchi walikuwa wakibishana. Siku hiyo walikuwa wakimshangilia Venant, mwandishi wa gazeti moja la wiki, waliyembandika jina la Kalamu. Alikuwa amekaa pembeni, koti likiwa limekunjwa mapajani, na kila waliposhangilia yeye aliangalia chini.

– Shikamoo, Mzee Masele, alisema.

– Marahaba, Kalamu! Umerudi ndani ya ofisi ya mkubwa! Wiki tatu getini kama kuku mgeni!

Mzee Masele alikuwa karani mstaafu na benchi zima lilimwita Diwani, ingawa hakuna aliyewahi kumpigia kura.

– Hata mimi sikuelewa kosa lake, alisema Ojuok, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyejua pa kumzimia. Kalamu, ulimtukana mkubwa?

– Sikumtukana. Niliandika "adai".

– Adai nini?

– Alisema maji ya bomba ya Igogo ni salama. Nami nikaandika: "Maji ya Igogo salama, adai kiongozi."

Mhoja aliacha kumimina.

– Sasa hapo alikuwa anamdai nani?

– Ndivyo alivyoniuliza na yeye! Kwao kijijini walisoma gazeti, wakamtumia ujumbe: tumesikia unadai maji, ni kiasi gani, na nani hataki kukulipa?

Benchi lilicheka mpaka ubao ukayumba. Venant alicheka nao kidogo. Alijua kwamba mkubwa yule alielewa vizuri sana maana ya neno lile. Aliyeandika "alisema" amebeba tu maneno ya mtu. Aliyeandika "alidai" ameweka mlango wazi kwa shaka. Ni mlango ule uliomchukiza mkubwa, na kesho yake jina la Venant likabandikwa kwenye kibanda cha mlinzi, asiruhusiwe kupita getini.

– Mimi nasema kosa ni la geti, alisema Ojuok. Zamani ofisi ile haikuwa na ukuta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wameshindwa kuziba ufa, wakajenga!

– Methali haiendi hivyo, Redio, alisema Venant.

– Ukuta upo au haupo?

– Upo.

– Basi imeenda.

Mzee Masele alipuliza kahawa yake.

– Nyie watoto. Mimi nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na sita. Waandishi hawazuiliwi kwa sababu ya neno. Wanazuiliwa kwa sababu mkubwa mwenyewe hayumo ndani.

– Hayumo?

– Kule ndani kuna kaseti. Inasema, "Kila kitu kiko sawa, tunalishughulikia." Ndiyo maana siku hizi maswali yanapelekwa Jumatatu kwa maandishi. Wanapata muda wa kuirekodi!

– Diwani, mimi leo nimemwona kwa macho yangu, alisema Venant.

– Ulimshika mkono?

– Hapana. Alikuwa mbali, nyuma ya meza.

– Haya! Simba mwenda pole ndiye mla nyama!

Hakuna aliyejua simba kaingiaje, lakini Mhoja alitikisa kichwa kwa heshima.

– Kalamu, hebu tuambie, ulirudije? aliuliza Ojuok. Mimi nasema ulipiga ngumi mezani. Ulimwambia, nchi hii sasa ni ya uhuru, fungua geti!

Venant alijikohoza. Hakupiga ngumi. Alikuwa ameandika barua ya kuomba radhi mara tatu, kwa sababu zile mbili za kwanza katibu muhtasi alisema hazijanyenyekea vya kutosha. Katika ile ya tatu aliahidi kuandika "alisema" peke yake, na kutouliza swali ambalo halikupitishwa. Asubuhi ile walimpa kiti. Mkubwa alisoma karatasi iliyochapwa, akaikunja, akauliza, "Kuna la ziada?" Swali la maji lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Venant. Akakumbuka mhariri wake, akakumbuka wiki tatu za jua la getini. Akajibu, "Hapana, mheshimiwa. Asante."

– Nilirudi kwa utaratibu, aliwaambia.

– Utaratibu! alishangilia Masele. Mtu mzima huyo!

Wakati huo akaja mwanamke kijana, ndoo mkononi na mtoto mgongoni. Jina lake Paskazia, alikuwa amehamia nyumba za nyuma miezi michache kabla. Alisimama kando mpaka kicheko kikaisha.

– Shikamooni. Samahani, nimeambiwa mwandishi anakaa hapa.

– Ni huyu, dada, karibu, alisema Ojuok. Ndiyo kwanza ametoka kwa mkubwa!

Paskazia alimgeukia Venant.

– Kaka, pole na kazi. Ni haya maji ya bomba. Yananuka mafuta ya taa, hata nikichemsha. Mtoto anaharisha siku ya nne. Sasa nikasema nije nikuulize, mkubwa amejibu nini?

– Alisema ni salama, alisema Venant.

– Hiyo nilisomewa mwezi uliopita. Nauliza leo. Leo ulipomuuliza, amejibu nini?

Venant alikunjua koti lake mapajani, akalikunja tena. Ojuok alimtazama, akisubiri ile ngumi ya mezani. Mzee Masele, ambaye hakuwahi kukosa methali tangu benchi lile liwekwe, alitafuta moja, akaikosa. Mtoto alilia kidogo mgongoni, sauti kavu, na mama yake akamtikisa taratibu huku akisubiri, kama mtu aliyezoea kusubiri dirishani.

Paskazia aliona haya.

– Au nimeuliza vibaya? alisema.